Usiniombe Nikuamini: Mhadhara kwa Wachezaji wa Diplomacy, Mwanza

Haya, tukae. Wale wa nje wanaomalizia mishikaki watatukuta njiani, na wasiniulize wamepitwa na nini.

Sheria sizirudii. Kama kuna mtu humu hajui kwamba Diplomacy ni mchezo wa ubao wa watu saba, kila mmoja na dola yake ya Ulaya, kwamba hauna dadu, kwamba jeshi na manowari nguvu zake ni sawa, kwamba amri zinaandikwa kwa siri na kusomwa kwa pamoja, basi ambane jirani yake wakati wa chai. Mimi nina jambo moja tu. Wale mlionisikia Nyegezi na Igoma mnalijua, mtanivumilia tena: nyinyi mnasalitiana vibaya.

Angalieni, sikusema mnasalitiana sana. Salitianeni mpaka jua lizame, hilo si neno. Huu mchezo ndivyo ulivyotengenezwa. Allan Calhamer, Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1950 na kuutoa kwa gharama zake mwenyewe mwaka 1959, nakala 500, hakuweka mahali popote kwenye sheria kwamba ahadi ni lazima itimizwe. Na yeye, kwa taarifa yenu, aliishia kuwa mpeleka barua wa posta. Mtu aliyewafundisha watu kugombana kwa vikaratasi, akapeleka barua za watu salama mpaka mlangoni. Mimi napenda sana habari hiyo.

Ninachosema ni kwamba mnasaliti kama watu wenye njaa. Mtu anaona kituo kimoja, yaani mahali pa kuteka panapolisha kikosi kimoja, kiko wazi, mate yanamtoka, anaandika amri mkono unatetemeka, anafungua karatasi, anacheka, anapiga meza. Baada ya saa mbili namkuta nje anavuta simu, ameshatolewa. Ukimuuliza, anasema, "Mwalimu, wote walinigeukia." Sasa ulitaka wakufanyie nini, wakuletee soda?

Hebu tupige hesabu kidogo. Vituo kwenye ramani ni 34. Mshindi anahitaji 18. Sasa 34 gawa kwa mbili. Ni 17. Maana yake mkiungana wawili, mkaimaliza dunia nzima, mkagawana kindugu kabisa, hakuna aliyeshinda. Kwa hiyo siku mnapopeana mikono, kituo kile cha 18 tayari kimo katikati ya mikono yenu. Wote wawili mnakijua. Anayekuambia "mimi na wewe mpaka mwisho" ama hajui kugawanya, ama anajua sana.

Ndiyo maana nasema: usiniombe nikuamini. Nionyeshe makubaliano ambayo ukiyavunja utaumia hapo hapo.

Chukua Bahari Nyeusi. Kila mchezo ni yale yale. Urusi ana manowari Sevastopol, Uturuki ana manowari Ankara, na katikati ni maji ambayo kila mmoja anaogopa mwenzake ataingia. Wachezaji wapya wanakubaliana nini? "Tuiache wazi, dada." "Sawa kaka, tuiache wazi." Hayo si makubaliano, hiyo ni dua. Akiingia mmoja, aliyetimiza ahadi ndiye anayeumia, na aliyevunja ndiye anayekula.

Wakongwe wanafanya hivi: wote wawili wanaandika amri ya kuingia. Kwa makusudi. Manowari zinagongana, nguvu moja dhidi ya moja, hakuna anayesogea, bahari inabaki tupu. Mwakani hivyo hivyo. Sasa niambie, nani anayetaka kuvunja hapo? Ukisema leo nisiende, mwenzako anaingia. Kutimiza ahadi ndiyo kinga yako. Mtu hahitaji kuwa mwema, anahitaji tu kutokuwa mjinga. Ndiyo, najua, mzee wa kiti cha nyuma ameinua kidole, gharama yake ni kwamba manowari mbili zinafungwa pale pale mwaka mzima. Kweli. Amani ina bei, na ukishindwa kuilipa mwaka 1901, mchezo unapoanza, utailipa mwaka 1905, na riba yake.

Na hapo ndipo ninapowaletea mchezo wangu ule. Nasikia mnaguna. Guneni.

Urusi alikuwa dada mmoja anayechukua dagaa pale Mwaloni Kirumba na kuwasafirisha. Uturuki alikuwa kijana wa chuo, Malimbe, ana maneno kama asali. Wakaungana. Wakamla Austria wote wawili, wakaanza kumla Italia. Jeshi la dada limeshika Budapest, jingine Vienna, jingine Romania. Manowari za kijana ziko kule Bahari ya Ionia zinatazamana na Mfaransa. Na Bahari Nyeusi? "Tuiache wazi." Manowari ya dada ilishatoka Sevastopol zamani. Sevastopol hakuna mtu, hata mlinzi wa usiku.

Mwisho wa mwaka 1904 kijana anajenga manowari mpya Ankara. Msimu unaofuata anaipeleka Bahari Nyeusi. Dada akaweka kidole kwenye ramani, taratibu, kama anayetafuta mchanga kwenye dagaa. "Mdogo wangu, si Ankara imepakana na Konstantinopoli? Hii imepitia huku inatafuta nini?" Kijana akajibu pale pale bila kumeza mate: "Konstantinopoli kuna jeshi langu dada, ningegongana na mtu wangu. Nazungukia tu, naelekea kwa Mfaransa." Jibu safi. Tena la kweli nusu, jeshi lilikuwepo pale. Dada akanyamaza.

Msimu wa pili, karatasi zikafunguliwa. Manowari, Bahari Nyeusi kwenda Sevastopol. Imeingia. Jeshi la Bulgaria kwenda Romania: halina wa kuliunga mkono, yaani kikosi cha kuliongezea nguvu, Romania kuna jeshi la dada, moja dhidi ya moja, limekwama. Kijana akapata kituo kimoja. Dada akamtazama, akasema maneno ambayo mpaka leo tunataniana nayo kwenye klabu: "Mdogo wangu, kwa kituo kimoja?"

Sasa tazameni alichofanya. Amepoteza kituo, lazima aondoe kikosi kimoja, na sheria inamruhusu achague. Akaliondoa jeshi la St. Petersburg. Kule kaskazini kabisa, mbali na ugomvi! Akamgeukia Mwingereza: "Nimekuachia. Njoo uchukue, usinisumbue, nina shughuli kusini." Kisha kila jeshi alilokuwa nalo likageuza uso kwa Mturuki. Kijana akaanza kurudisha manowari zake, Mfaransa akajikuta mbele yake maji matupu, akapita Tunisi, akapita Napoli, anaokota tu. Kabla mwaka 1910 haujafika mezani Mfaransa alikuwa na 18. Dada alimaliza na vituo viwili na uso wa mtu aliyelipwa deni lake.

Mtasema, mwanamke yule alifanya kisasi, siyo mkakati. Nimeambiwa hivyo na watu wenye digrii. Jamani, mezani mwetu watu ni wale wale kila Jumamosi. Tangu siku ile hakuna aliyemgusa dada kwa kituo kimoja. Mnataka mkakati gani tena?

Mtasema pia, alistahili, nani kamwambia aache mlango wazi. Hapo nakubaliana nanyi kabisa, na ndicho ninachopiga kelele tangu nifike. Wangegonganisha manowari tangu mwaka wa kwanza, kijana asingepata hata hiyo nafasi ya kutamani. Na kijana naye, kama alikusudia kumgeuka, angesubiri. Angeweka jeshi Armenia kwanza. Hapo Armenia inaingia Sevastopol tupu, na manowari ya Bahari Nyeusi inaiunga mkono Bulgaria kuingia Romania. Vituo viwili kwa amri za usiku mmoja, na dada anaondoa vikosi viwili, si kimoja. Hayo ndiyo mambo ya watu wazima.

Wanaocheza upatu wanalijua hili kuliko nyinyi. Mgeni kwenye kikundi anawekwa apokee wa mwisho. Hakuna anayemtukana, hakuna anayemwita mwizi. Kikundi kimepanga tu zamu kwa namna kwamba akikimbia, anakimbia fedha zake mwenyewe. Wenyewe hawajasoma ramani ya Diplomacy hata siku moja.

Kuna mtumishi wa Mungu aliniambia nawafundisha vijana uongo. Nilimwambia aje acheze. Mwongo wa kila dakika hachelewi kukosa wa kuzungumza naye, na kwenye meza ya watu saba anayekosa wa kuzungumza naye amekufa. Wachezaji wangu wazuri wanasema ukweli mwaka baada ya mwaka, kwa sababu uongo wanaoukusudia ni mmoja na unahitaji akiba. Wazee wa bao na isolo, lile bao la Kisukuma, nao huniambia mchezo bora hauhitaji maneno. Sawa wazee, lakini bao ni wawili. Wa kuungana naye yuko wapi?

Naambiwa muda. Muda gani, si ndiyo nimeanza? Haya, haraka haraka.

Bismarck, yule kiongozi wa Ujerumani. Mnapita pale karibu na kivuko cha Kamanga mnapiga picha na jiwe lake, lakini mikataba yake hamuijui. 1879 na Austria, 1882 akamwingiza Italia, 1887 akafunga na Urusi kwa siri. Alipoondolewa madarakani mwaka 1890, waliomfuata wakaacha mkataba wa Urusi ufe, na Urusi akaenda kwa Mfaransa. Italia naye akageuka mwaka 1915. Aliahidiwa ardhi ya Austria. Hesabu, si tabia. Na ramani ya mchezo, kwa Afrika, inaishia Afrika Kaskazini na Tunisi, kana kwamba sisi hatukuwepo. Juni 1915 Waingereza walitoka Kisumu wakavuka ziwa hili wakawapiga Wajerumani Bukoba, na Julai 1916 wakaichukua Mwanza hii hii. Hilo nilitaka nilizungumze kwa kirefu. Basi.

Kompyuta. Mwaka 2022 Meta, wenye Facebook, walitoa programu ya kucheza Diplomacy inaitwa Cicero, ikacheza michezo 40 mtandaoni na watu, ikaingia kwenye asilimia 10 ya juu ya waliocheza zaidi ya mara moja. Iliundwa ili ujumbe wake uendane na amri inazokusudia wakati inaandika. Baadaye ikibadili nia, hiyo ni habari nyingine. Na watafiti waliosoma jumbe za wachezaji mwaka 2015 waliona kwamba mizani ya adabu na maneno mazuri kati ya marafiki ikibadilika ghafla, usaliti uko njiani. Kwa hiyo mtu akianza leo kukuita mheshimiwa, mtazame manowari zake, siyo meno yake.

Mchezo kwisha sare nilitaka kuusema, sitausema. Maswali mtaniuliza mezani.

Kwa michezo ya leo: andikeni amri kwa kalamu ya wino, jina la mahali kamili. "Bul kwenda pale" siipokei. Karatasi iliyofutwafutwa siipokei. Na nikiita muda, aliye nje ananong'ona na Mwingereza atahesabiwa vikosi vyake vimekaa pale pale. Meza ya kwanza, nani anachukua Austria? Msinitazame hivyo, lazima mmoja aichukue.