Chama Kilizaliwa Siku ya Kubomoa Ukuta

Mhadhara kwa waashi, maseremala na vibarua wa mjengo, Nakuru

Mwenyekiti ametuambia chama chetu kilianza kwa mchango wa mazishi. Nalisikia hilo kila mkutano wa mwaka, na kila mwaka nasimama kulikataa. Mchango tulikuwa nao, sawa. Mwenzetu alianguka kutoka kwenye jukwaa, tukachanga pale chini ya mjakaranda tulipokuwa tukingoja kazi alfajiri, kila mtu na mwiko na timazi yake ndani ya gunia. Lakini kuchanga hakufanyi watu kuwa chama cha mafundi. Mama mboga huchanga. Makanga huchanga. Chama hiki kilizaliwa siku tuliyobomoa ukuta wa mwalimu, na kwa kuwa wengi wenu hamkuwapo, nitaisimulia tena.

Ilikuwa baada ya mvua za El Niño, zile za 1997 zilizoingia hadi 1998. Mwalimu mmoja alikuwa amejenga vyumba vitatu upande wa Lanet kwa mkopo wa ushirika. Alikuja pale mtini kutafuta fundi, tukampa mwenzetu, tena katibu wetu. Mvua zilipokatika, mama yule akarudi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Njooni mwone."

Tulikwenda sita. Ufa ulianzia kwenye pembe ya dirisha ukashuka kama ngazi, jiwe kwa jiwe, hadi kwenye msingi. Nikatoa msumari wa inchi 4, nikauweka katikati ya mawe mawili na kuusukuma kwa kidole gumba. Ukazama wote. Nilipouchomoa, simiti, yaani ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, ikamwagika kama unga wa gunia lililotobolewa na panya. Mwashi yeyote hapa anajua: saruji moja kwa mchanga tatu, ukizidi sana nne. Ile haikuwa hata moja kwa kumi, na mchanga wenyewe ulikuwa umejaa hili vumbi la majivu ya volkeno tunalolikanyaga kila siku, haukuchekechwa. Saruji ya mwalimu ilikuwa imejenga kwingine.

Mhazini akatuvuta kando. Tumsitiri mwenzetu, akasema, tumwambie mama ni ardhi imetitia. Mwalimu alisikia kila neno. Akajibu: "Huyo fundi mimi sikumjua. Mimi niliwaajiri nyinyi."

Tulibishana usiku kucha. Asubuhi tukarudi watu 11. Tuliubomoa ukuta ule, tukasugua mawe moja moja kwa brashi ya waya, tukanunua saruji kwa pesa ya mazishi, tukajenga upya kwa siku nne. Katibu alikuwa akibeba maji kutoka mferejini, na jioni akibaki kuumwagilia ukuta. Siku ya mwisho mwalimu alitupa kaunta buku mpya, moja ya zile alizokuwa akiandikia masomo yake. Akasema, "Andikeni." Ukurasa wa kwanza ni nyumba yake: jina la fundi, mahali, tarehe, vipimo vya simiti, sahihi ya mwenye nyumba. Hapo ndipo watu walipoanza kuja mtini wakiuliza, "Fundi wa daftari ni nani?"

Najua kuna kijana ananung'unika pale nyuma: fundi analipwa kwa siku, atarudia kazi bure akiwa na nini? Kijana wangu, hakuna aliyekutaka urudie peke yako. Ndiyo maana ya mfuko wa pamoja. Mwingine atasema mwenye ploti ndiye anayenunua saruji kidogo. Ni kweli, wapo wengi. Basi iandike kwenye daftari kwamba alileta mifuko 8 mahali pa 20, aweke sahihi yake. Akikataa kuweka sahihi, funga gunia lako uondoke. Nimeondoka mara tatu maishani na sikufa njaa.

Wala jambo hili si la mtini peke yake. Mwaka 1936 kule Uingereza palianzishwa baraza la kuwasajili wanaojenga nyumba, kwa sababu wajenzi wabovu walikuwa wakiwaharibia jina wote. Leo linaitwa NHBC, na dhamana yake kwa nyumba mpya ni ya miaka 10. Miaka 10! Sisi daftari letu la leo lina nini? Nililifungua wiki iliyopita. Michango, mikopo, faini za kuchelewa. Hakuna ukuta hata mmoja.

Na tunajenga wapi? Tunajenga ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilipasuka hapo Subukia kwa tetemeko la karibu 6.9. Siku ile hapakuwa na ghorofa za kupangisha kama zilizojaa leo Kaptembwa na Pipeline. Ghorofa iliyoanguka Huruma kule Nairobi mwaka 2016 haikuhitaji tetemeko, mvua ilitosha, na wapatao 50 wakafa. Ukienda kujenga Kisumu kwenye udongo mweusi wa pamba, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, msingi wa kubahatisha hautakusamehe.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nilitaka kusema juu ya sheria ya 2011 iliyoleta Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, inayomtambua fundi na si mkandarasi peke yake. Nendeni mkajisajili. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, pia, hasa nyinyi mliojifunzia kazi mkononi mwa fundi: cheti chaweza kupatikana kwa ujuzi ulio nao, hata kama shule uliiacha darasa la sita. Kuhusu mabinti wanaoingia kwenye kazi hii, nililo nalo ni refu, nitalisema siku nyingine.

Kaunta buku ya mwalimu ndiyo hii. Jalada limechakaa lakini kurasa zinasomeka, mtakaotaka mpite mwone. Hii nyingine ni mpya, nimeinunua asubuhi. Naiweka hapa mezani pamoja na kalamu. Wa kwanza nimeshajiandika: ukuta wa uzio, Free Area, futi 60, moja kwa tatu, umemwagiliwa siku saba, na namba yangu ya simu.