Jinsi ya kubadilisha bolti za mkuku zilizoliwa na kutu kwenye mashua ya mbao

Asalaam aleikum ndugu zangu, leo tuko chini ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika, pale ambapo wengi hatupachunguli mpaka maji yaingie, tunabadilisha bolti zinazofunga mataruma, zile mbavu za mashua, kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote. Mkuku wa mashua hii ni wa mti wa mbambakofi na mti wenyewe bado mzima kabisa, kilichokufa ni chuma.

Kabla hujashika spana angalia mwezi. Chombo unakipweleza, yaani unakikalisha pwani, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakijaa mwisho, ukikipandisha juu kabisa basi siku zinazofuata maji yanapungua hayakifikii tena na unapata siku za kutosha kufanya kazi pakavu mpaka bamvua lijalo likiinue tena. Toa farumi yote, ule uzito wa kutuliza chombo, alafu simamisha magadi, zile nguzo za kuegemeza, kushoto na kulia uyafunge kamba yasichomoke. Uzito ukae kwenye mkuku juu ya magogo, magadi ni ya kuzuia isilale tu. Na gogo lisiwe chini ya bolti unayotaka kuitoa, maana itashukia hapohapo.

Haya kamera isogee hapa. Mnaona nati hii, ina kutu ya juujuu, ukiigonga inalia vizuri, mtu atakwambia hii bado. Sasa tazameni hii ya jirani yake ambayo nimeshaitoa, juu nene, chini nene, ila katikati, pale taruma linapokalia mkuku, imebaki nyembamba kama penseli! Maji ya chumvi yanaingia kwenye ule ufa na hayatoki, yanakula chuma polepole na nje huoni kitu. Kwahiyo nati isikudanganye jamani, toa moja mbili za pale penye maji mengi uzione kwa macho, zikiwa zimeliwa basi hesabu zote zimeliwa. Na ukiona mbao imekuwa nyeusi kuizunguka bolti, choma na ncha ya kisu, ikiingia laini hapo na mti umeshaanza kuharibika.

Kutoa sasa. Siku mbili kabla mimi namimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo kuzunguka nati, asubuhi na jioni. Chini ya mkuku chimba mchanga, shimo liwe refu kuliko bolti yenyewe, alafu chokoa lile ziba la mbao au paste linalofunika kichwa. Nati ikigoma ikate na grenda, ndoo ya mchanga iwe pembeni kwasababu ngama ina mafuta na cheche hazina adabu na mafuta. Ikilegea usiitoe yote, iache sawasawa na ncha ya bolti ugonge hapo, bila hivyo bolti inapanuka ncha na haipiti tena. Ikishaanza kushuka toa nati, endelea kuisukuma na nondo nyembamba kuliko tundu. Gonga kwa nyundo nzito mapigo machache, sio nyundo ndogo mapigo mengi, ile ndogo inakunja chuma tu.

Ikikatikia ndani usipigane nayo. Ile iliyobaki iache humohumo, toboa tundu jipya pembeni, lakini lisikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao na lile la zamani, utapasua mkuku, na mkuku ukipasuka hii sio kazi ya bolti tena.

Na toa moja, rudisha moja, ndio uhamie nyingine, usije ukazitoa zote kwa pamoja hata kama una haraka.

Bolti mpya chukua za galvanaizi, chuma chenye koti la zinki, ile ya kuchovywa, yenye rangi ya kijivu iliyofifia, sio ile nyembamba inayong'aa. Wengi mnaniuliza stenlesi. Ndani ya mbao iliyolowa isiyopata hewa stenlesi nayo inaliwa, inatobokatoboka kwa siri, kwahiyo mimi siiamini hapa. Shaba ni nzuri ila usiichanganye na misumari ya chuma, chuma kitakwisha haraka. Tundu likiwa limetanuka, bolti ilikuwa milimita 12, lipanue liwe 16 kama upana wa mkuku unaruhusu.

Safisha tundu, lipake sifa, yale mafuta ya papa, au rangi nzito. Chini ya kichwa zungusha pamba iliyolowa sifa, ile ile ya kalafati, ya kuzibia mianya ya mbao, isukume bolti kutoka chini, juu nayo weka pamba, wosha pana ya bati nene, ndio nati. Kaza huku unaangalia wosha, ikianza tu kuzama kwenye mbao simama, ukizidisha unaponda nyuzi na bolti italegea yenyewe baadae. Ziba kichwa chini, paka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa wa kupaka chini ya chombo.

Siku ya kuelea kaa ngamani na tochi, kuchuruzika kidogo siku ya kwanza ni kawaida maana mbao zilikauka. Ziache zinywe maji wiki moja hivi, rudi na spana uguse kila nati. Ile ambayo bado inatoa maji weka alama ya ngeu, ile chaki nyekundu ya mafundi, bamvua lijalo ifungue hiyo tu na uiwekee pamba mpya.