Taa ya oili ikiwaka, pima sensa kabla ya kushusha injini

Karibuni, mafundi wenzangu na ndugu zangu madereva. Leo tuko Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria, ndani ya boti ya mizigo inayoendeshwa na injini ya dizeli iliyotolewa kwenye lori. Taa nyekundu ya oili inawaka, na mwenye boti ameshaambiwa beringi zimekwisha, injini ishushwe. Tusishushe kitu. Tupime kwanza sensa, yaani kifaa kinachopima presha ya oili.

Zima injini. Chomoa kijiti cha oili, futa, rudisha, chomoa tena. Oili imefika alama ya juu na haina rangi ya maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia.

Sasa sensa yenyewe. Hii hapa, jirani na chujio, ina nyaya tatu. Bonyeza kishikio, shika plagi na uivute, usivute nyaya. Sogea karibu uone pini hii ya katikati. Ule ukijani ni kutu ya shaba. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini unyevu wa ndani ya boti hauna huruma, na kwenye malori mashine ya kuoshea hufanya uharibifu uleule. Ungekuta oili ndani ya plagi, ungejua sensa inavuja, ibadilishe. Hii ni kavu. Tunaisafisha kwa dawa ya kusafishia umeme na mswaki laini.

Chukua maltimita, iweke kwenye volti za DC. Geuza ufunguo swichi iwake, usipige stata. Kwenye plagi ya nyaya, kati ya ethi (waya wa hasi) na waya wa kulisha sensa, tunataka volti 5. Tumepata 5. Ukizikosa, ugonjwa uko kwenye nyaya au kompyuta ya injini, na sensa mpya itakuwa hasara tu.

Rudisha plagi, upime waya wa ishara kwa kupenyeza sindano nyembamba kwa nyuma. Injini imelala, presha hakuna, na mita inasoma 0.5. Hapa wengi huchanganyikiwa wakidhani ingekuwa sifuri. Sensa nyingi za aina hii huanzia 0.5 na kuishia 4.5 kwa makusudi, ili ishara ikishuka hadi sifuri au ikipanda karibu na 5, kompyuta ijue ni waya uliokatika au uliogusana, si presha.

Ili tuwe na uhakika, fungua sensa, funga kiungo cha T, upande mmoja sensa, upande mwingine geji ya mkono. Washa injini. Geji inasema presha ni baa 3. Mita inasoma 1.7. Sensa hii inapima hadi baa 10, kwa hiyo zile volti 4 kati ya 0.5 na 4.5 ukizigawanya kwa 10, kila baa ni volti 0.4: toa 0.5 kwenye 1.7, inabaki 1.2, sawa na baa 3. Zinakubaliana, na taa imezimika. Beringi hazina kosa. Ilikuwa ile pini.

Kama yako ni ya waya mmoja, angalia hesi zake. Ethi yake ni mwili wake. Mimi niliwahi kuzungushia utepe mweupe wa fundi bomba, geji ikadanganya, nikapoteza nusu siku nikitafuta kosa kwenye dashibodi.

Na ukipima sensa ya hewa ya turbo kwa skana, injini ikiwa imezimwa, usishtuke kuona presha ya kilopaskali 88 badala ya 101 iliyoandikwa kitabuni. Ile 101 ni ya usawa wa bahari. Ziwa hili liko mita 1,134 juu yake, hewa yetu ni nyepesi. Sensa nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hiyo.

Ondoa T, rudisha sensa pamoja na washa (pete bapa) mpya ya shaba, kaza bila kuminya kupita kiasi. Paka grisi ya umeme kwenye mpira wa plagi, ibonyeze mpaka ilie. Iache injini izunguke dakika 10, kisha pitisha kitambaa cheupe chini ya sensa. Kikitoka kikavu, ng'oa nanga.