Mnyororo Utaingilia Wapi? Mhadhara Kuhusu Gurudumu Lisilo na Habu

Asanteni, kaeni. Picha za gurudumu la baiskeli lisilo na habu mmeshaziona, kwa hiyo sitaonyesha nyingine. Pete nyeusi, katikati hamna kitu, mkono unaingia upande huu unatokea upande ule. Inapendeza, hata mimi naipenda. Ila nimekuja kusema lilelile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti, na walionisikia zamani wanivumilie: ukitaka kuunda baiskeli yenye gurudumu lisilo na habu, kile kitovu cha katikati kinachoshika spoki, usianze na pete. Anza na mnyororo. Jiulize nguvu ya mguu itaingilia wapi, na kama huna jibu, usiwashe mashine ya kuchomelea.

Hunijia kijana na mchoro. Simtaji, kwa sababu ni wengi na mchoro ni mmoja. Rimu imewekewa mng'aro, kashata za tairi unaweza kuzihesabu, kivuli kimelala vizuri chini. Pedeli zipo. Namuuliza, mnyororo ukitoka kwenye pedeli unakwenda wapi? Anagusa ile pete. Wapi kwenye pete? "Hapa, kwa ndani." Haya, lete karatasi.

Chukua baiskeli ya kawaida yenye meno 44 mbele na 16 nyuma. Gawanya: 2.75. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara tatu, na ndiyo maana unakwenda. Ile sproketi ya nyuma, yaani duara la meno linaloshika mnyororo, yenye meno 16, ina kipenyo cha milimita 65 hivi. Inaweza kuwa ndogo kwa sababu imekalia habu, na habu yenyewe ni ndogo. Sasa wewe habu umeitupa. Mahali palipobaki pa kufunga meno ni ukingo wa ndani wa rimu, tuseme kipenyo cha milimita 550. Pini za mnyororo wa baiskeli zimeachana milimita 12.7. Zungusha mnyororo kwenye duara hilo, utapata meno 136. Ukitaka mwendo uleule wa 2.75, sproketi ya mbele iwe na meno 374, na kipenyo chake ni mita moja na nusu! Imeshalizidi gurudumu. Itagusa ardhi kabla ya tairi, na wewe sijui utakaa wapi.

Mwerevu mmoja hapo anasema, "Basi niache 44 zangu mbele na 136 nyuma." Sawa. Kanyaga mizunguko 60 kwa dakika, mwendo wa starehe. Gurudumu litazunguka mara 19 tu kwa dakika, na kwa tairi ya kipenyo cha milimita 680 hiyo ni kilomita mbili na nusu kwa saa. Bibi anayetoka kuchota maji atakupita, atakusalimia, na hatakuona tena.

Kwa hiyo mnyororo hauendi moja kwa moja kwenye pete. Inabidi kuwe na gia ndogo inayosukuma meno yaliyo upande wa ndani wa pete, na kabla ya gia hiyo kuwe na shafti za kati za kuongeza kasi. Hapa ndipo penye utamu, nipeni subira. Gia ya milimita 55 ikisukuma pete ya 550, lazima izunguke mara 10 ili pete izunguke mara moja. Pete tunaitaka izunguke mara 165 kwa dakika, ile 2.75 yetu mara 60. Gia basi izunguke mara 1,650. Kutoka 60 ya mguu mpaka 1,650 ni kupandisha mara 27 na nusu. Hupandishi hivyo kwa hatua moja. Ni hatua mbili za meno 52 kwa 10, na kila hatua inakula kidogo katika nguvu ya miguu yako. Sasa ongeza gia ile iwe ya milimita 110. Hesabu inashuka mpaka mara 13 na robo tatu, na hatua mbili za 44 kwa 12 zinakufikisha karibu kabisa. Sproketi hizo unazipata kwenye baiskeli kuukuu, hukerezi kitu. Friwili iweke kwenye mojawapo ya hatua hizo, miguu ipate kupumzika kwenye mteremko.

Lakini mmeona kilichotokea? Gia ya milimita 110 inaonekana. Imejitokeza katika lile tundu lililotakiwa liwe tupu. Na huo ndio ugomvi wangu na wachora picha: kila kinachoifanya baiskeli hii ipandike kinaziba tundu, na kila kinachoacha tundu wazi kinaifanya isipandike. Kazi ya fundi ni kuamua atakubali tundu lizibwe kiasi gani. Asiyetaka hata kidogo aiweke ukutani.

Haya, habu yenyewe. Watu husema "gurudumu lisilo na habu" wakidhani kuna kitu kimepungua. Hakijapungua! Gurudumu lolote linalozunguka lazima lizungukie kitu kisichozunguka, na kati ya hivyo viwili lazima pawe na gololi, rola, au chochote cha kupunguza msuguano. Ulichofanya ni kuichukua habu ukaivuta mpaka ikafika kwenye rimu. Kwenye habu ya kawaida njia ya gololi ina kipenyo cha kama milimita 20, kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja, gololi zinapita njia ya milimita 63. Kwenye pete yako ya 550, njia hiyo ni milimita 1,728. Msuguano ukiwa na nguvu ileile, umeupa njia ndefu zaidi ya mara 27 ya kukuibia.

"Mimi natumia rola, si beringi moja kubwa." Vizuri, na beringi kubwa nyembamba ya kipenyo hicho ni ghali mno. Rola ziwe za namna gani? Wengi hufunga beringi namba 608, zile za viatu vya magurudumu, tundu milimita 8, nje 22, zikakimbia moja kwa moja juu ya pete. Gawanya 550 kwa 22: pete ikizunguka mara moja, beringi inazunguka mara 25. Kwa kilomita 20 kwa saa gurudumu linafanya mizunguko 155 hivi kwa dakika, na kiberingi chako kidogo kinafanya karibu 3,900, kikiwa kimebeba mwili wako, sentimita chache kutoka kwenye vumbi. Sasa ivalishe beringi ileile rola ya milimita 50. Mizunguko inashuka mpaka 11 kwa kila mzunguko wa pete. Rola kubwa, beringi ndogo. Andikeni hilo kama hamtaandika kingine. Na ndiyo, rola kubwa nayo inaziba tundu.

Najua kuna mtu amekaa na swali kifuani: mbona pikipiki wameweza? Wameweza. Franco Sbarro wa Uswisi alionyesha pikipiki yenye magurudumu ya namna hii kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1989, na siku hizi kuna Verge ya Ufini yenye gurudumu la nyuma lililo tupu katikati. Ila iangalieni Verge vizuri. Mota ya umeme imo ndani ya gurudumu lenyewe, palepale kwenye pete. Swali langu la mnyororo halipo, limefutwa. Tena mota ile ina nguvu ya kumwaga. Mtu anayekanyaga kwa starehe anatoa wati 75, labda 100. Wati 20 zikipotelea kwenye rola, mota haina habari, wewe utajua kabla hujafika kona ya kwanza. Ukitaka mfano wa kuiga, waangalieni wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2010. Waliunda baiskeli ya pedeli, na wakaliacha wazi gurudumu la nyuma peke yake. Hawakugusa la mbele. Nitalirudia hilo muda ukiniruhusu, na naona mwenyekiti anaangalia saa.

Rimu, basi, haraka. Msichukue rimu ya kawaida mkang'oa spoki mkadhani mmebaki na pete. Spoki ni waya wa unene wa milimita 2 hivi, lakini imekazwa kwa mvuto unaoweza kukaribia uzito wa kilo 100, na ziko 32 au 36, zote zinaivuta rimu kuelekea katikati kwa mpigo mmoja. Tangu James Starley alipozipanga kwa kukingama mwaka 1874, sijaona kitu chepesi kama hicho kinachobeba uzito kama huo. Wanaozidharau spoki sijui wanazidharau kwa lipi. Ziondoe, na rimu ya nusu kilo ukiibana kwa mikono miwili inakuwa yai. Rola hazipendi yai. Zitabana hapa, zitacheza pale. Kwa hiyo ni rimu pana, yenye kina, ya zile baiskeli za tairi nene, na ndani yake pete ya njia ya rola iliyokerezwa baada ya kuchomelewa, si kabla, maana joto la kuchomelea litaipinda uliyoinyoosha.

Halafu pete ya ndani, ile isiyozunguka. Fremu inaishika upande wa mbele tu, wakati uzito unatoka ardhini chini ya katikati ya gurudumu, karibu milimita 275 kutoka unaposhika. Kilo 50 kwenye gurudumu la nyuma zinaipinda pete hiyo kwa nguvu ya kupinda ya nyutoni-mita kama 135 ukiwa unakwenda taratibu tu. Ukiingia shimoni zidisha mara mbili, mara tatu. Mnaochora pete nyembamba kama kalamu, hesabu ndiyo hiyo.

Jua nalo. Pete ya alumini ya milimita 550 ikipanda joto kwa nyuzi 30 inapanuka karibu milimita 0.4. Ya chuma inapanuka nusu ya hapo. Ukichanganya alumini nje na chuma ndani, rola ulizozikaza vizuri asubuhi zitakuwa zinacheza mchana. Weka kila rola ya juu kwenye springi, au utumie metali moja. Tusonge.

Breki si tatizo, rimu bado ipo, breki za kubana rimu zinafanya kazi. Matope ni tatizo, nilikuwa na mengi ya kusema hapo, nayaacha. Sili za raba zinazuia matope na zinaongeza msuguano, mtachagua.

La mwisho, gurudumu lipi. Wapo wanaosema, "Nifanye la mbele, halina mnyororo, nimekukwepa mzee." Umenikwepa kweli. Ila fikiria rola moja imeng'ang'ana ghafla, imemeza kokoto. Ikiwa ni gurudumu la nyuma, tairi inaburuzika, unatukana, unashuka. Ikiwa ni la mbele, gurudumu limesimama na wewe bado unakwenda, na kinachoruka juu ya usukani ni wewe. Baiskeli ya kwanza iwe na gurudumu la mbele la spoki, habu yake, breki yake nzima. La nyuma ndilo ulichezee.

Pete mbili na rola za ukubwa tofauti ziko pale mezani, na kalipa ya kupimia vipenyo ipo. Pimeni wenyewe kabla hamjaniuliza, halafu tutaanza na maswali ya gia.