Mvua ya vuli inaanzia baharini

(Mhadhara kwa wakulima na wafugaji, Moshi)

Haya jamani, shikamooni wazee wangu, vijana mambo. Wale wa nyuma kama hamnisikii semeni. Nimeombwa niongelee ukame, na najua kuna watu hapa wametoka Mwanga, Same, wengine Longido kabisa, na mnajiuliza bahari inatuhusu nini sie wa huku bara. Inatuhusu sana, na mimi naona hili jambo lingefundishwa kila kijiji.

Iko hivi. Miaka ya kawaida maji ya moto zaidi ya Bahari ya Hindi yanakaa upande wa Indonesia, hewa inapanda kule, mvua inanyesha kule, halafu ile hewa inakuja kushuka huku kwetu, na hewa ikishuka mawingu hayajengeki. Sasa kuna miaka upepo wa ikweta unageuka, maji ya baridi yanapanda toka chini pale pwani ya Sumatra, na yale ya moto yanasogea huku Afrika. Ni kama mizani ya sokoni, upande mmoja ukipanda wa pili unashuka. Wataalamu wanaiita daipoli ya Bahari ya Hindi, na ilielezwa vizuri mwaka 1999 tu, yaani juzi. Tofauti ya nyuzi joto 1 au 2 inatosha kabisa kugeuza vuli nzima.

Watu wengi wanajua El Nino tu, ile ya maji ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, wakisikia redioni inakuja basi wanaanza kuogopa mafuriko. Lakini angalia 2015, El Nino ilikuwa kubwa kati ya zilizowahi kupimwa na mvua zetu hazikufika popote karibu na zile za 1997, kwa sababu 1997 Bahari ya Hindi nayo ilikuwa imewaka upande wetu na 2015 haikuwaka hivyo. Alafu 2019 Pasifiki imetulia zake, hakuna El Nino ya maana, ila daipoli ilikuwa kali kuliko miaka mingi nyuma, na wote mnakumbuka ile vuli, barabara za Handeni na Korogwe zilikatika na mwaka uliofuata Kenya na Somalia nzige wakajaa kwa ule unyevu. Kwahiyo ukiniuliza mimi, vuli yetu uulize kwanza Bahari ya Hindi.

Mizani ikigeuka, maji ya moto yakarudi Indonesia, ndo tunaumia. Kuanzia 2020 La Nina, yaani kinyume cha El Nino, Pasifiki inapopoa, ilikaa miaka mitatu mfululizo, Kenya, Ethiopia na Somalia wakakosa misimu mitano, na huku kwetu Simanjiro ng'ombe walikufa, mlioenda mlijionea, mnyama anasimama mbavu zote zinahesabika, akilala usiku asubuhi hawezi kuinuka mpaka wanaume wanne wamshike mkia na mapembe. Na tambarare ndo inaanza kuumia kila mara, maana upepo wa baharini unamwaga maji milimani kwanza, Usangi kijani kibichi, ukishuka Mwanga mjini ni vumbi.

Halafu msidhani El Nino ni mvua kila mahali. Mwisho wa 2023 sisi tulizika watu Hanang kwa maporomoko ya matope, na miezi michache baadaye Zambia, Malawi na Zimbabwe wanatangaza janga la ukame, El Nino ileile moja!

Mama hapa mbele ameuliza, na masika je? Swali zuri sana mama yangu. Masika haisikilizi bahari kwa namna hiyo. Machi mpaka Mei inategemea zaidi vitu vya muda mfupi, kama lile kundi kubwa la mawingu linaloizunguka dunia kwenye ikweta kwa siku 30 mpaka 60 hivi, likiwa juu ya Bahari ya Hindi unapata wiki ya mvua, likipita kunakauka. Kwahiyo utabiri wa msimu wa vuli una nguvu kuliko wa masika, ule wa masika fuatilia na ule wa siku kumi kumi.

TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza. Wakisema chini ya wastani, mfugaji uza wale ng'ombe wazee mapema wakati bado wana nyama na bei ipo, usisubiri Desemba mnada umejaa mifupa. Na mkulima wa tambarare usiweke shamba lote mahindi, weka mtama, kunde, choroko. Haya, nani mwingine ana swali?