Kupatwa kwa Jua na Mwezi: Mfano wa Vipimo Halisi kwa Ufito, Mpira na Kidonge cha Udongo

Habari zenu watazamaji. Leo hatuchori duara ubaoni. Michoro mingi ya kupatwa kwa jua imeibana dunia na mwezi ili vienee kwenye ukurasa mmoja, na ukiiamini utabaki kujiuliza mbona jua halipatwi kila mwezi. Sisi tutaweka umbali wake sawasawa, na taa yetu itakuwa jua lenyewe.

Andaa ufito ulionyooka wa sentimita 140, mpira wa tenisi ya meza wenye kipenyo cha sentimita 4, waya mwembamba, rula, kalamu, karatasi nyeupe na udongo wa mfinyanzi kidogo. Udongo ukikosekana, unga wa ngano uliokandwa mgumu unafaa.

Mpira ndio dunia. Sasa viringisha mwezi: kidonge cha milimita 11, na ukipime kwa rula, usikisie. Wengi hukimbilia gololi kwa kuwa ipo nyumbani, lakini gololi ya kawaida ina milimita 16. Hapo mfano umeharibika kabla hujatoka nje, maana mwezi huo utalifunika jua kupita kiasi.

Simamisha mpira kwenye ncha ya ufito kwa waya, uwe sentimita 15 juu ya ufito. Kuanzia kwenye mpira, pima na utie alama tatu: sentimita 114, 120 na 127. Kwa kipimo chetu sentimita moja ni takriban kilomita 3,200, kwa hiyo alama ya kwanza ni mwezi ukiwa karibu nasi, kama kilomita 363,000, na ya mwisho ni ukiwa mbali, kama 405,000. Kidonge kichomeke kwenye waya wa sentimita 30, kisha uuzungushie ufitoni kwenye alama ya 120, kidonge kiwe usawa mmoja na mpira. Usiukaze sana, tutaupandisha na kuushusha.

Toka nje saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na nusu jioni, jua likiwa chini. Mchana itakubidi uusimamishe ufito wima, utahangaika bure. Uegemeze kwenye viti viwili, ncha yenye mwezi ielekee juani. Mgongo wako uwe juani muda wote. Usichungulie kupitia ufito kulitafuta jua, na miwani ya jua, filamu ya eksirei au beseni la maji havikingi macho.

Hatua inayowashinda wengi ni kulenga. Ufito ukikosea digrii moja tu, kivuli cha mwezi kinahama sentimita 2, yaani nusu ya upana wa mpira. Shika karatasi nyuma ya mpira, tafuta vivuli viwili, kikubwa na kidogo, kisha sogeza ufito polepole mpaka kidogo kiingie ndani ya kikubwa. Sasa ondoa karatasi uutazame mpira.

Kamera isogee hapa. Unaona doa la kijivu, kingo zake hazikukatika vizuri, upana kama sentimita 2. Hicho ni kivuli chepesi. Aliye humo huona jua limemegwa. Kivuli kizito, pale jua linapofunikwa lote, ni nukta ya katikati isiyofika milimita moja. Ndiyo maana tarehe 2 Agosti 2027 watu wa Luxor, Misri, watakuwa gizani kwa zaidi ya dakika 6, huku Kenya na Tanzania jua likimegwa tu.

Sogeza kidonge hadi 127. Kivuli kizito sasa kinaishia hewani kabla ya kuugusa mpira, na anayesimama chini yake huona ukingo wa jua umebaki kama pete. Ndicho kilichotokea Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016.

Haya huwezi kuyapata kwa tochi ya simu. Taa ndogo iliyo karibu hufanya kivuli kitanuke kadiri kinavyokwenda, na cha jua kinachongoka.

Geuza ufito: mpira uelekee juani, mwezi nyuma. Pale kwenye mwezi, kivuli kizito cha mpira kina upana wa karibu milimita 29. Kidonge cha 11 kinazama chote na nafasi inabaki. Ndiyo sababu kupatwa kwa mwezi hukaa sana: tarehe 7 Septemba 2025, Afrika Mashariki ikitazama, mwezi ulizama kabisa kwa dakika 82. Wekundu wake hutauona hapa, kwa sababu mpira wetu hauna angahewa ya kupinda mwanga.

Sasa pandisha kidonge kwenye waya wake sentimita 11. Kivuli kimepita chini kabisa. Kishushe sentimita 11 chini ya usawa wa mpira, kimepita juu. Njia ya mwezi imeinama digrii 5, na kwa kipimo chetu digrii 5 ni hizo sentimita 11, ilhali kivuli hakifiki hata 3. Miezi mingi hukosana hivyo. Karibu kila siku 173 mwezi mpevu na mwezi wa gizani huangukia karibu na usawa, na msimu huo waweza kuleta kupatwa mara mbili mfululizo: baada ya mwezi kupatwa tarehe 7 Septemba 2025, jua lilimegwa tarehe 21, likaonekana New Zealand. Wanaohesabu kwa mwezi mwandamo wanajua tayari: mwezi hupatwa kwenye mpevu, jua hupatwa mwezi unapokwisha.

Ukirudia kesho, pima kidonge kwanza. Udongo ukikauka hunywea, na kikifika milimita 10 utapata pete tu, hata kwenye alama ya 114.