Embe Moja, Maboksi Matatu: Pima Rangi Zako za Maji kwa Kuchora

Habari zenu, karibuni. Hapa mezani nina maboksi matatu ya rangi za maji. Hili ni Cotman la Winsor & Newton, kampuni ya London. Hili ni Van Gogh la Royal Talens ya Uholanzi. La tatu ni lile la bei rahisi la wanafunzi, rangi 36, halina maelezo yoyote. Tutachora embe lile lile kwa kila boksi.

Kwa nini embe? Kwa sababu embe bivu lina njano, wekundu begani, ukijani karibu na kikonyo, na kivuli chini yake. Boksi likishindwa mahali, utaona.

Chukua karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, uikate vipande vitatu. Karatasi iwe moja kwa maboksi yote, maana ya daftari hujikunja na kunywa maji, ukaja kuilaumu rangi bure. Brashi moja ya mviringo, namba 8. Makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi, jingine lisiguswe na uchafu.

Dondoshea tone la maji kwenye kila kidonge cha rangi, usubiri dakika moja. Rangi hizi ni unga ulioshikwa na gundi ya migunga, ile inayotoka kwa wingi Sudan. Gundi ikilowa, rangi inaachia. Sasa gusa kwa brashi. Kwenye boksi zuri rangi inapanda mara moja, imekolea. Ukisugua weee na brashi bado inatoka na maji hafifu, ujue kijazio, yaani unga usio na rangi wa kuongeza ujazo tu, ni kingi kuliko rangi.

Haya, embe. Lowesha umbo lote kwa maji safi mpaka ling'ae, kisha weka njano. Kabla haijakauka, gusa begani kwa nyekundu, halafu ondoa mkono kabisa. Iache ifanye kazi yenyewe. Sogea uone: hapa nyekundu inatambaa kuingia kwenye njano, ukingo unayeyuka, na rangi ya chungwa inajitengeneza katikati. Hii ya boksi la rangi 36 imeganda pale pale nilipoigusa, na juu yake pana utandu kama chaki. Utandu huo unaziba weupe wa karatasi, na kwenye rangi za maji weupe wa karatasi ndio mwanga wenyewe.

Kwenye kivuli ndipo maboksi yanapoachana. Usitumie nyeusi. Changanya bluu ya ultramarini na kahawia nyekundu mpaka upate kijivu. Lakini kwanza soma karatasi inayofunika kidonge, utafute msimbo wa unga wa rangi: ultramarini huandikwa PB29, kahawia hiyo PR101 au PBr7. Msimbo mmoja maana yake unga wa aina moja. Ukichanganya hivyo viwili unapata kijivu safi, na kikikauka utaona chembe za bluu zimetulia kwenye vishimo vya karatasi. Napenda sana hapo! Ila rangi ambayo tayari ina unga wa aina tatu, ukiichanganya na nyenzake ya aina tatu, unapata matope. Ndiyo maana nanunua boksi la rangi 12 lenye misimbo, naliacha la 36 lisilosema kitu.

Usihukumu picha ikiwa mbichi, rangi za maji hupauka zikikauka. Ikikauka, pitisha brashi yenye unyevu begani mwa embe, gandamiza tishu, uinue rangi kidogo upate mng'ao. Bluu ya PB15, ile iitwayo phthalo, itakugomea, imeshika karatasi. Ni tabia ya unga huo, haimaanishi boksi ni baya.

Cotman na Van Gogh kwa embe hili yanakaribiana mno. Chukua lile ambalo duka lako linauza kidonge kimoja kimoja, kwani njano itaisha kabla ya nyingine.

Mwisho, chora mstari wa kila rangi kwenye kipande cha karatasi, ufunike nusu kwa kadi nene, ubandike dirishani panapopiga jua. Funua baada ya miezi mitatu. Rangi za waridi zile za kung'aa sana ndizo za kuangalia kwanza. Rangi iliyofifia itumie kwa mazoezi tu, picha ya kuuza au kumpa mtu zawadi usiichoree hiyo.